Shokapu za nyuma za pikipiki ya zamani: jicho linapogoma kuingia kwenye stadi

Umefunga juu, nati imeshika nyuzi mbili tatu, na shokapu mpya inaning'inia. Unachuchumaa ili uchomeke jicho la chini, yaani lile tundu la mwisho wa shokapu, kwenye stadi yake, ule msumari mnene wenye nyuzi uliochomoza kwenye pikipiki, nalo linapita pembeni. Si kwa mengi: milimita nne, labda sita. Unalisukuma kwa kiganja, linarudi. Hapo ndipo mkono huanza kuitafuta nyundo wenyewe.

Nimewahi kuisikiliza ile nyundo. Mapigo mawili ya nyundo ya mpira, jicho likaingia, nikakaza nati, nikaondoka nimeridhika. Miezi michache baadaye rodi ya upande wa kulia, ile fimbo ya kromu inayoingia na kutoka kwenye shokapu, ilikuwa na mstari unaong'aa kuliko sehemu nyingine, na oili ilikuwa ikichuruzika hadi kwenye bushi, mpira ulio ndani ya jicho. Shokapu ya kushoto, niliyoifunga siku hiyohiyo, ilikuwa kavu kabisa. Ndipo nikachukua tepu na kupima nilichopaswa kukipima kabla: sehemu ya nyuma ya fremu, ile inayobeba siti na keria. Bomba la kulia lilikuwa limeingia ndani. Keria iliyobeba mizigo mizito kwa miaka ilikuwa imelivuta taratibu, na hakuna aliyegundua kwa sababu shokapu za zamani, zenye bushi zilizolegea kama ndala, zilikuwa zinakubali chochote.

Tangu hapo naichukulia shokapu nzima inayogoma kuingia kwa nguvu ya vidole kama rula. Imeshapima kazi kwa niaba yangu na kunionyesha kwamba kuna kitu kimepinda, kimelika, au kimefungwa na washa isiyo yake. Kinachobaki ni kukitafuta.

Neno moja, mambo matatu

Ugumu wa mada hii unaanzia kwenye lugha yenyewe. Mtu akisema anataka shokapu zake za nyuma "zinyooshwe" au "zipigwe alaimenti", anaweza kuwa anazungumzia mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni jicho la juu na jicho la chini la shokapu moja kukaa kwenye mstari mmoja, ili rodi iingie na kutoka bila kusukumwa ubavuni. La pili ni shokapu ya kulia na ya kushoto kuwa sawa kwa urefu, kwa springi na kwa mkazo, ili mkono wa nyuma unaoshika gurudumu usisokotwe. La tatu ni gurudumu la nyuma kufuata njia ileile ya gurudumu la mbele.

Hilo la tatu si kazi ya shokapu. Mkono wa nyuma unazunguka kwenye bolti moja ndefu nyuma ya injini, na bolti hiyo ndiyo inayoamua gurudumu litaelekea wapi, pamoja na virekebishi vya cheni vilivyo kwenye ncha za mkono. Shokapu zinaamua tu gurudumu liwe juu kiasi gani na lishuke kwa kasi gani. Kwa hiyo mwenye pikipiki inayovuta upande mmoja akinunua shokapu mpya kama tiba, amekunywa dawa ya jino kwa maumivu ya goti. Shokapu zinaweza kulisumbua gurudumu kwa njia moja tu, nayo ni kuusokota mkono hadi gurudumu liegame. Hilo linaturudisha kwenye jambo la pili.

Pikipiki za zamani zina udhaifu wake hapa. Mpangilio wa mkono wa nyuma na shokapu mbili za wima ulienea baada ya fremu ya Norton iliyopewa jina la Featherbed, kazi ya ndugu wawili wa familia ya McCandless, kuingia mashindanoni mwaka 1950. Kwa miongo kadhaa ndiyo ilikuwa kawaida ya karibu kila pikipiki, hadi Yamaha ilipoanza kuuza pikipiki za matope zenye shokapu moja katikati ya miaka ya 1970 na wengine wakafuata. Mikono ya zama zile mingi ni bomba jembamba tu, lililounganishwa na kipande cha kati kisicho kikubwa. Inapinda kirahisi kuliko macho yanavyodhani.

Fanya hesabu ndogo. Mtu ameharibikiwa na shokapu moja, akanunua moja mpya na kuiacha nyingine ya zamani. Tuseme springi mpya inahitaji nguvu ya nyutoni 20 kwa kila milimita inayobonyea, na ile iliyochoka inahitaji 16. Zikibonyea milimita 50 kwenye shimo, upande mmoja unasukuma kwa nyutoni 1,000 na mwingine kwa 800. Tofauti ya nyutoni 200 ni sawa na uzito wa kilo 20 hivi ambao ncha moja ya mkono inabebeshwa zaidi ya nyingine, kila shimo, na kwenye kila kona yenye mawimbi. Ndiyo maana shokapu hubadilishwa mbilimbili, hata ile nzima ikionekana bado ni nzuri.

Pima kabla ya kufungua chochote

Urefu wa shokapu hupimwa kutoka katikati ya jicho la juu hadi katikati ya jicho la chini, shokapu ikiwa imenyooka yote bila mzigo. Usipime kuanzia kwenye kingo za mpira. Njia rahisi ni kupima kutoka ukingo wa juu wa tundu la juu hadi ukingo wa juu wa tundu la chini; kama matundu yana kipenyo sawa, jibu ni lilelile na huhitaji kubahatisha katikati iko wapi. Weka shokapu mbili mpya kando kwa kando, pitisha bolti moja kwenye macho ya juu, kisha jaribu kupitisha nyingine kwenye macho ya chini. Ikipita, ni sawa. Isipopita, zirudishe zilikotoka kabla hazijapata hata alama ya grisi.

Ukiwa na shokapu hizo mkononi, bonyeza kila moja kwa uzito wa mwili wako na uiache. Ikirudi ghafla kama springi ya kalamu, ndani hakuna udhibiti. Springi inabeba uzito, lakini haijui kutulia. Kinachoituliza ni oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo vya pistoni. Shokapu nyingi za muundo wa zamani zina oili na hewa kwenye chemba moja, na zikilala ubavuni dukani kwa muda mrefu hewa inaingia mahali pa oili. Zisimamishe wima kama zitakavyokaa kwenye pikipiki, uzibonyeze na kuziachia taratibu mara kumi hivi. Mara nyingi ule ulegevu wa mwanzo unaisha. Zile zenye gesi iliyotengwa na oili hazina shida hiyo.

Usishike rodi kwa plaisi. Hata kidogo. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu ni wembe unaopita kwenye oili sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, maelfu ya mara kwa siku.

Zamu ya pikipiki. Isimamishe kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare, na uweke mbao chini ya gurudumu la nyuma hadi ziliguse tu bila kulibeba. Mbao hizi ndizo zitakazokusaidia baadaye kupandisha na kushusha mkono kwa milimita, kwa hiyo tafuta na kabari mbili. Ukishafungua shokapu zote mbili, ondoa mbao na uinue gurudumu kwa mkono. Linapaswa kupanda na kushuka kwa ulaini, bila kukwama. Kisha shika ncha ya mkono, au gurudumu lenyewe, ulisukume kulia na kushoto. Ukisikia mchezo kwenye egemeo, yaani ile bolti ndefu na bushi zake, simama hapo hapo. Hakuna shokapu duniani itakayoficha egemeo lililolika, na pikipiki itaendelea kuyumba mkia kwenye kona hata ukifunga za bei ya pikipiki nzima.

Sasa tepu. Kutoka katikati ya bolti ya egemeo hadi stadi ya juu ya kulia, kisha kushoto. Kutoka egemeo hadi stadi ya chini ya kulia, kisha kushoto. Vipimo viwili vya kila jozi vinapaswa kulingana ndani ya milimita moja au mbili. Halafu pima upana: umbali kati ya stadi mbili za juu, na umbali kati ya stadi mbili za chini. Upana wa juu na wa chini si lazima ufanane, kwa sababu waundaji wengine huziinamisha shokapu kidogo kuelekea ndani. Ila mwinamo huo lazima uwe sawa pande zote mbili. Chukua mstari wa katikati ya fremu, kwa mfano uzi uliokazwa kutoka katikati ya shingo ya usukani hadi katikati ya taa ya nyuma ikiwa taa yenyewe haijawahi kugongwa, na upime kutoka uzi huo hadi kila stadi. Hapa ndipo bomba langu la kulia lilipokamatwa.

Kuhusu mkono uliosokotwa, kuna ujanja wa maseremala ambao naupenda kuliko kifaa chochote. Seremala anayetaka kujua kama ubao umepinda kama propela huweka fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, kisha hufumba jicho moja na kutazama kama kingo za fito zinalala sambamba. Fanya vivyo hivyo: fito moja ndefu iliyonyooka kwenye egemeo, nyingine kwenye matundu ya ekseli ya nyuma. Chuchumaa nyuma, fumba jicho moja. Fito ikiinama upande mmoja hata kidogo, utaiona, maana urefu wake unaikuza tofauti ile. Mkono uliosokotwa ni kazi ya mwenye jigi ya kunyooshea au wa kubadilishwa. Ukiupasha moto nyumbani na kuuvuta kwa bomba unaudhoofisha mahali usipopaona.

Bushi, washa na ule uongo wa nati ya kofia

Kama vipimo vyote ni sawa na jicho bado linapita pembeni, tatizo liko kwenye vitu vidogo, na asilimia kubwa ya maudhi ya kazi hii yanatoka hapo.

Ndani ya jicho la shokapu kuna bushi ya mpira, na ndani ya mpira kuna kola ya chuma. Kola ndiyo inayokaa kwenye stadi. Inapaswa kuwa ndefu kidogo kuliko upana wa mpira, ili nati ikikazwa ibane chuma kwa chuma, kupitia washa, na kuuacha mpira huru kujisokota. Kola ikiwa fupi, nati inaubana mpira. Unahisi imekaza, kumbe umeukamua mpira; baada ya wiki umelainika, nati imelegea, na jicho linagonga stadi kila unapopita tuta. Mlio wake ni tak-tak kavu ambao watu wengi huusingizia cheni.

Kuna na mtego wa nati ya kofia, ile yenye kichwa kilichofungwa kinachong'aa. Ikiwa bushi mpya ni nyembamba kuliko za awali, stadi inajitokeza zaidi, na ncha yake inagonga ndani ya kofia kabla nati haijafika kwenye washa. Spana inakataa kuendelea, wewe unaamini kazi imeisha, na shokapu inacheza. Jaribio lake ni dogo: funga kwanza nati ya kawaida na uangalie kama jicho linabanwa, kisha uhesabu nyuzi zilizobaki nje na kina cha kofia. Washa moja ya ziada humaliza jambo. Lakini iwe nje ya jicho, si ndani, isipokuwa kama kweli unataka kulisogeza jicho.

Maana washa za ndani, zile za upande wa fremu, ndizo zinazoamua jicho likae wapi kushoto-kulia. Pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watano huwa na washa za watu watano. Nimewahi kukuta upande mmoja una washa mbili nene ndani na upande wa pili hauna hata moja, na mwenye pikipiki akilalamika kwamba springi inakwaruza kava la cheni. Zipange kwa kutazama kutoka nyuma: shokapu zote mbili ziwe wima, au ziiname kwa kiasi kimoja, na jicho la juu liwe juu ya jicho la chini bila kuvutwa. Mpira wa bushi unavumilia kosa la milimita moja au mbili. Umetengenezwa kwa hilo. Hauvumilii sita.

Shokapu zenye uma chini badala ya jicho, ambazo hukumbatia kibanio kilicho kwenye mkono na kupitishwa bolti, zina tabia yake. Meno ya uma yakiwa mapana kuliko kibanio, usiyavute pamoja kwa nguvu ya bolti. Yatapinda, na yakipinda yatainamisha rodi yote. Jaza nafasi kwa washa nyembamba pande zote mbili.

Kufunga, na siri ya kukaza mwisho

Ikiwa shokapu mpya zina urefu uleule wa za zamani, badilisha upande mmoja kwanza na uache mwingine ushike mkono. Ni rahisi na gurudumu halidondoki. Ila hii haikupi nafasi ya kupima egemeo na mkono, kwa hiyo mimi hufungua zote mara ya kwanza ninapoifahamu pikipiki, na mara zinazofuata ndipo ninaposhika njia ya mkato.

Safisha stadi kwa brashi ya waya hadi kutu na rangi viishe, pakaza grisi nyembamba, na chomeka jicho la juu. Nati ishike tu kwa vidole. Kisha tumia zile mbao na kabari kupandisha gurudumu polepole hadi stadi ya chini ikutane na jicho. Likutane lenyewe. Chomeka, weka washa, nati ya vidole. Fanya upande wa pili. Mpaka hapa hakuna spana iliyoguswa.

Sasa ondoa mbao, shusha pikipiki kwenye magurudumu yake, na umwombe mtu aketi au uibonyeze mara kadhaa ili itulie mahali pake. Hapo ndipo unapokaza. Sababu ni ule mpira wa bushi. Pale kola inapobanwa na nati, mpira unajisokota kila mkono unapopanda na kushuka. Mkono wenye urefu wa milimita 480 ukipanda milimita 40 unazunguka karibu digrii 5. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unaanza maisha yake ukiwa umesokotwa tayari, na hauachi kuvutwa hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Hupasuka mapema. Ukikaza ikiwa kwenye kimo chake cha kawaida, mpira unapumzika katikati na kusokotwa kidogo kila upande. Kwenye miundo ambayo kola imeachwa izunguke juu ya stadi yenye grisi, mpangilio huu hauna faida kubwa, lakini hauna hasara pia.

Nguvu ya kukaza inatoka kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kwa stadi ya milimita 10 mara nyingi utakuta kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 30 na 40, na si zaidi. Stadi nyingi za zamani zimechomelewa kwenye fremu. Ukiikata moja, umejipa kazi ya siku mbili.

Kabla ya kuondoka, kuna ukaguzi ambao watu huuruka kwa sababu unachosha: kuhakikisha hakuna kinachogusana mkono ukipanda hadi mwisho. Njia kamili ni kufunga shokapu bila springi na kuinua gurudumu hadi mpira wa kuzuia ugonge. Springi hutolewa kwa kifaa chake cha kuibana, kamwe si kwa kamba na magoti. Kama huna kifaa, angalau keti na mwenzako, ruka tutani, kisha utafute alama mpya kwenye kava la cheni, ekzosi, na upande wa chini wa madigadi. Ukipaka chaki kwenye sehemu hizo kabla ya kuruka, mahali palipoguswa patajionyesha.

Pete ya chini na kile isichokifanya

Shokapu nyingi za zamani zina pete yenye ngazi tatu hadi tano chini ya springi, inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Watu huiita ya kukaza springi, na wengi huamini ngazi ya juu inaifanya springi iwe ngumu. Haifanyi hivyo.

Chukua springi mbili za nyutoni 20 kwa milimita. Kwa pamoja ni 40. Uzito unaofika kwenye shokapu ukiwa nyutoni 1,000, springi zinabonyea milimita 25. Sasa zungusha pete ipande milimita 10. Springi tayari imebanwa nyutoni 400 kabla ya mzigo wowote, kwa hiyo shokapu zitafupika milimita 15 tu. Nyuma ya pikipiki imepanda milimita 10, basi. Milimita ya kumi na sita bado itahitaji nyutoni 40, kama ilivyokuwa. Pete inabadilisha kimo. Ugumu uko kwenye unene wa waya na idadi ya mizunguko yake. Ukiwa na springi laini kupita kiasi, kukaza pete hadi mwisho kunakupa pikipiki iliyo juu, inayogonga ukomo wa juu ikirudi, na bado inazama kwenye shimo kubwa.

Basi pete itumike kwa kazi yake, ambayo ni kuweka mdidimio. Pima kutoka ekseli ya nyuma kwenda juu wima hadi alama yoyote kwenye fremu: mara moja gurudumu likiwa linaning'inia, mara ya pili ukiwa umekaa na mzigo wako wa kawaida. Tofauti ndiyo mdidimio. Lenga robo hadi theluthi ya safari yote ya gurudumu. Pikipiki ya zamani yenye safari ya milimita 80 itataka karibu milimita 20 hadi 27. Kwa sababu bushi na sili zinakwaruza kidogo, pima mara mbili: ibonyeze iachie irudi polepole, pima, iinue iachie ishuke polepole, pima, chukua katikati. Na pete mbili ziwe ngazi moja. Nimekuta pikipiki nyingi zenye ngazi ya pili kulia na ya nne kushoto, kwa sababu tu ekzosi ilizuia spana ya mtu upande mmoja.

Ukiamua kuweka shokapu ndefu

Wapo wanaoziweka kwa ajili ya sura, wapo wanaotaka nafasi zaidi chini. Jua kwamba milimita moja ya shokapu si milimita moja ya ekseli. Jicho la chini mara nyingi liko mbele ya ekseli na shokapu imeinama, kwa hiyo gurudumu husafiri zaidi ya shokapu. Gurudumu likisafiri milimita 100 huku shokapu ikifupika 80, shokapu ndefu kwa milimita 10 itainua nyuma karibu milimita 12 au 13. Usukani unasimama wima zaidi na pikipiki inageuka kwa wepesi, wakati mwingine wepesi wa kutisha kwenye mwendo. Stendi ya katikati inaweza isifikie kuliinua gurudumu, ya pembeni inailaza pikipiki zaidi, na cheni inaanza kula upande wa juu wa mkono karibu na egemeo.

Mwinamo wenyewe una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Velocette waliutumia kama kirekebishi: sehemu ya juu ya shokapu ilikuwa kwenye mfereji wa tao, na mwendeshaji aliisogeza mbele ili iwe laini au nyuma ili iwe ngumu, springi zikiwa zilezile. Kwa hiyo anayechomelea vishikio vipya sentimita chache mbele ya vile vya kiwandani amebadilisha ugumu wa pikipiki yote bila kugusa springi.

Cheni ipimwe upya hata kama hukubadilisha urefu kwa makusudi, kwa sababu shokapu mpya hukaa juu kuliko zilizochoka. Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Keti watu wawili mpaka mkono ufike hapo, na uhakikishe bado kuna ulegevu kidogo. Gurudumu lenyewe lipangwe kwa kupima kutoka katikati ya egemeo hadi katikati ya ekseli pande zote mbili, si kwa kuziamini alama zilizopigwa kwenye mkono. Kwenye pikipiki ya miaka arobaini, alama hizo ni maoni tu. Angalia na taa ya mbele usiku: nyuma ikipanda, mwanga unashuka.

Baada ya safari ya kwanza, rudia spana kwenye nati zote nne. Mpira na rangi vinajilaza na nati hupata robo ya mzunguko. Kisha, baada ya wiki mbili hivi, futa rodi kwa kitambaa kisafi na uitazame kwa tochi ukiizunguka pande zote. Kama mng'ao wake ni mmoja kote, jicho na stadi vimepatana. Kama kuna mstari unaong'aa upande mmoja, fungua nati za chini na ulitazame jicho litakaporukia.